Je, Wakati ni Mali ya Mtu Peke Yake?

Limekuwa jambo la kawaida katika miji yetu kumwona mtu ameketi na jamaa zake, mwili wake uko nao, walakini macho na moyo wake vimo katika simu. Ukimnasihi, hukujibu upesi: “Wakati ni wangu, na data nimenunua kwa pesa zangu, simdhulumu mtu.” Jawabu hili lina sura ya haki, na kwa sababu hiyo yatupasa kulipima kabla ya kulikubali au kulikataa.

Hatusemi kwamba simu ni kitu kibaya. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa mchuuzi na wa mvuvi. Kwayo mama hupelekewa pesa za matumizi na mwanawe aliye mbali, na mgonjwa huitiwa gari usiku. Atakayetuamrisha tuitupe baharini hajui haja za watu. Wala hatusemi kuwa kupumzika ni kosa, kwani moyo huchoka kama uchokavyo mwili. Maneno yetu ni juu ya zile saa zipitazo bila ya kazi wala raha, ambazo mwenyewe akiulizwa alitazama nini, hakumbuki.

Kwanza na tutazame: je, mtu huzitoa saa hizo kwa khiari yake? Zamani msomaji alifika chini ya ukurasa, akasimama kidogo, akachagua kuendelea au kuacha. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usiokuwa na mwisho, ambao kila ukiusukuma kwa kidole huongezeka wenyewe. Pale pa kusimama na kuchagua pakaondolewa. Baadaye fundi huyo alijuta mbele za watu kwa aliyoyafanya. Na katika karne iliyopita mwanachuoni B. F. Skinner alionyesha kwamba njiwa apewaye punje mara hii na kunyimwa mara ile, asijue itakuja lini, hudonoa kitufe kwa wingi bila ya kukoma. Simu nayo ni vivyo hivyo: mara habari ya furaha, mara upuzi, na kidole huendelea kutafuta. Kampuni zenye mitandao hii hupata fedha kwa matangazo, kwa hivyo kila tukikawia mbele ya kioo ndipo faida yao inapozidi.

Lakini je, hila ya mwenye duka humwondolea mnunuzi lawama? La! Aliyekwisha jua kwamba njia ina utelezi hana udhuru wa kuanguka hapo kila siku. Kujua kwetu ndiko kunakotutia katika lawama.

Nami sijitoi. Usiku mmoja baada ya Isha, binti yangu wa miaka tisa alikuja na daftari lake kuniuliza maana ya neno katika somo lake. Nikamwambia, “Ngoja kidogo, mwanangu,” bila ya kuinua macho. Akangoja. Nilipomkumbuka, alikuwa amelala juu ya mkeka, daftari liko kifuani. Kilichoniuma zaidi ni siku zilizofuata, kwani hakuja tena kuuliza. Nikaitazama hisabu ambayo simu yenyewe huiweka, nikaona saa 4 kwa siku. Nikatoa saa 1 kwa haja za kweli, zikabaki 3. Saa 3 kwa siku ni saa 1,095 kwa mwaka, yaani siku 45 na zaidi, usiku na mchana. Twasema haba na haba hujaza kibaba. Basi na tujue kwamba kibaba hicho haba na haba humwagika pia.

Hapo ndipo nilipoliona kosa la lile jawabu. Wakati wa mtu una washirika. Mkewe ana haki humo, mzazi wake mzee ana haki, mwanawe na mgeni wake kadhalika. Deni la pesa huandikwa, na mwenye kudai huja mlangoni. Ama deni hili halina hati, na mwenye kulidai aghlabu hasemi neno. Akichoka kungoja huondoka kimya kimya, nasi twadhani ameridhika. Na mtu akisema, “Mimi niko nyumbani kila usiku,” twamjibu: mlinzi alalaye langoni naye yuko langoni.

Basi dawa yake ni nini? Azma peke yake haitoshi, maana mkono huishika simu kabla ya akili kuamua. Hapana budi kuweka kizuizi baina ya mkono na mazoea. Simu na izimwe milio na arifa zote isipokuwa za watu wenye haja ya kweli. Baina ya Magharibi na Isha, na wakati wa chakula, iwekwe mahali pamoja mbali na mkeka, na usiku ichajiwe nje ya chumba cha kulala. Programu za kupitisha wakati na ziondolewe, au zipewe saa yake maalumu. Khalafu nafasi iliyopatikana ijazwe kwa kitu chema: kitabu, kuzuru jamaa, mazungumzo ya barazani, kwani nafasi ikiachwa tupu, simu hurudi kuijaza.

Ama watoto, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba asiyetimia miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Nasi twampa simu mtoto wa mwaka mmoja ili anyamaze! Khalafu akifika miaka kumi na tano twamkemea kwa mazoea tuliyomfunza wenyewe. Mzazi hawezi kukataza kwa ulimi lile analolifanya kwa mkono wake mbele ya watoto. Marekebisho haya yaanze kwa wakubwa.

Binti yangu amerudi kuuliza, walakini haikuwa upesi. Majuma kadhaa niliketi mkekani, simu imo kabatini, naye hupita akinitazama asiseme kitu. Hatimaye akaja na daftari, akasimama mbali kidogo, akasema, “Baba, leo una nafasi?” Nimesikia mawaidha mengi katika umri wangu, wala sikumbuki lililoniingia kama swali hilo.

Basi kila mmoja wetu na atazame nyumbani mwake, ajue ni nani aliyekwisha acha kumwuliza, amwendee leo kabla ya kesho. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.