Daftari la Ukoo na Fuvu la Akida

Baba yangu mkubwa ana kaunta buku la kwaya tatu, amelifunga kwa mpira wa baiskeli. Ndani yake kuna ukoo wetu wote, kuanzia mzee ambaye hakuna anayejua alizaliwa lini hadi mtoto wa dada yangu aliyezaliwa Mwanza juzi juzi tu. Baba mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo mistari imepigwa kwa rula, wanaume kwa wino wa bluu, wanawake kwa wino mwekundu. Kila Desemba tukikusanyika kwake Bomang'ombe analitoa kabatini, anasoma kidogo, anarekebisha mahali, analirudisha.

Kwa haki, Bomang'ombe si nyumbani. Kihamba cha ukoo kiko juu, Old Moshi. Babu alipokigawa kwa wanawe vikatoka vipande ambavyo ukilala miguu inaingia kwa jirani, ndipo baba mkubwa akashuka tambarare, kwenye vumbi na upepo, kwenye mji ambao jina lake tu linakuambia palikuwa pa nani kabla yetu. Faida yake moja: asubuhi ukitoka nje unauona mlima wote. Ukiwa mlimani kwenyewe unaona migomba tu.

Desemba iliyopita aliniita barazani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe si ndiye mwandishi? Basi nimalizie hiki kitabu. Mimi macho yamechoka."

Nikapiga kurasa zote picha kwa simu, nikarudi Dar, nikaanza kuchapa. Nilienda vizuri mpaka kwa babu yake babu. Kwa wino wa bluu: alikuwa kiongozi wa vijana wa vita wa Mangi Rindi, na baadaye wa Mangi Meli, shujaa. Chini yake, kwa wino mwekundu: mkewe alitokea Kibosho.

Alitokea. Hapo nikasimama, kwa sababu mambo hayo niliyasikia tofauti. Bibi, mama yake baba, alipoolewa alimkuta huyo mama akiwa kikongwe, akamhudumia mpaka mwisho. Siku moja, nikiwa darasa la tano, tunamenya ndizi, alinisimulia habari zake kwa maneno machache, bila kuinua macho: hakutokea, aliletwa. Msichana mdogo, mikono imefungwa, anaswagwa pamoja na ng'ombe. Aliyemleta ndiye aliyemwoa.

Sasa niandike nini? Swali hilo lingebaki la familia, na msingelisoma hapa, kama lisingekutana na lingine ambalo nimelifuatilia kikazi kwa muda.

Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ilitangaza jambo ambalo halikuwahi kutokea. Katika hifadhi yake kuna mafuvu ya watu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni wa Kijerumani, mengi kutoka eneo la Rwanda ya leo, mengine kwetu. Mengi ya mafuvu hayo yalikusanywa na Felix von Luschan, mtaalamu wa makumbusho ambaye aliamini ukipima vichwa vya kutosha utaelewa mataifa, na ambaye aliwategemea maofisa na waganga wa kikoloni kumpelekea. Machache kati ya mafuvu hayo yalikuwa na maelezo ya kutosha kumfanya mtafiti athubutu kutafuta ndugu. Watu wa huku mlimani wakaombwa mate. Vinasaba vikalinganishwa. Fuvu moja likaoana kabisa na mtu aliye hai leo, na mengine mawili yakakaribia sana.

Hilo lililooana lilikuwa na neno moja limeandikwa juu yake: Akida.

Kwa anayesoma Kiswahili, neno hilo linatosha kukukosesha usingizi. Akida si jina la mtu. Ni cheo. Asili yake Uarabuni, ambako mpaka leo katika majeshi yao *aqid* ni kanali. Pwani likawa neno la mkuu wa askari. Wajerumani wakalichukua na kuwapa watumishi wao waliowatawala majumbe, wale maakida ambao watu wa kusini waliwawinda kwanza Maji Maji ilipowaka mwaka 1905. Lakini Akida wa kwetu hakuwa wa aina hiyo. Alikuwa mtu wa Mangi Meli, mshauri wake wa juu. Mama yake hakumwita Akida. Ndugu zake walikuwa na jina lake. Aliyeandika juu ya mfupa hakuona haja ya kuliuliza, akatumia neno la pwani alilolizoea, kama mtu anayeandika "mchele" juu ya gunia.

Na hapa ndipo panaponiuma. Neno hilo la dharau ndilo lililomwokoa. Wenzake waliokaa rafu moja naye bila neno lolote, wao hawana hata pa kuanzia. Mtu aliyechukua kichwa ndiye aliyeacha uzi wa kukifuata, na ukoo ukitaka kumfikia mzee wao hauna budi kushika uzi ule ule, kuamini mwandiko ule ule. Kisha wampe mjukuu wa mwizi mate yao. Sisi ambao wazee wetu walibariki kwa mate tunajua si kitu cha kumpa mtu yeyote tu.

Walau mate hayapimi umbo la kichwa. Miaka ya hamsini Gavana Twining alipokwenda Bremen kutafuta fuvu la Mkwawa, ambalo mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umeagiza lirudishwe, alikuta mafuvu kibao bila jina. Wakatumia vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, wakachagua linalofanana, na mwaka 1954 likarudi Kalenga kwa heshima zote. Huenda ni lenyewe. Wahehe wamelipokea, na kulipokea nako ni aina ya ukweli. Mimi sipendi kubeza jambo hilo, ila siwezi kusahau kwamba rula iliyotumika kumrudisha Mkwawa ni ya kina Luschan.

Waliosoma *Afterlives* ya Abdulrazak Gurnah wanakumbuka inavyoishia: kijana anamtafuta mjomba wake aliyekwenda na jeshi la Wajerumani, na anayemkuta yuko kwenye karatasi za Ujerumani, kwenye orodha za kambi. Wengine walilalamika kwamba mwisho ule una haraka, miaka mingi imebanwa kurasa chache. Mimi naona ndivyo ilivyo. Unatafuta miaka arobaini, halafu jibu ni mstari mmoja, na mstari wenyewe umeandikwa na aliyemuua.

Basi, nilianza na hasira hiyo. Ni hasira safi, inanikaa vizuri. Wao walichukua, wao waliandika, wao wakatuficha, sisi tunadai. Kwa muda mrefu sikuona kasoro ndani yake. Kasoro niliiona kwenye picha ya simu, kwa wino mwekundu.

Turudi nyuma kidogo, tumtafute Akida akiwa bado na kiwiliwili. Februari 1891 Wissmann alipanda kwenda kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, mmoja wa wakuu wenye nguvu kuliko wote mlimani. Hakwenda na askari wake peke yao. Rindi wa Moshi, adui wa siku nyingi wa Sina, alimpa vijana wake wa vita. Boma la Sina likaanguka. Mwaka huo huo Rindi akafa, mwanawe Meli akashika, na Juni 1892 vijana hao hao wa Moshi wakawageukia Wajerumani na kuwashinda. Von Bülow, aliyekuwa mkuu wao, akauawa. Mwaka uliofuata von Schele alirudi na nguvu kubwa na mambo yakaisha. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na wenzake 18, wakiwemo watu wa Meru na Arusha. Na kati yao alikuwepo Molelia, Mangi wa Kibosho. Mtoto wa Sina. Aliyebomolewa kwao na watu wa Moshi akanyongwa siku moja na Mangi wa Moshi.

Sijui Akida alikuwa wapi Februari ile, na sitamsingizia. Lakini babu yake babu yangu najua alikuwa wapi. Daftari linasema alikuwa kiongozi wa vijana wa Rindi. Bibi alisema mama yule aliletwa kutoka Kibosho amefungwa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa katikati ya miaka ya 1890. Hesabu hiyo haihitaji maabara.

Nilikwenda kuhakiki kama ninavyofanya kazini. Kwenye usharika mmoja wa Kilutheri huko juu walinifungulia kitabu cha ubatizo. Alibatizwa uzeeni, akapewa jina la Biblia. Safu ya jina la zamani imejazwa. Safu ya mume imejazwa. Safu ya baba ina kistari. Mwinjilisti aliyekuwa anaandika hakuwa mtu mbaya, naamini, aliuliza akajibiwa kimya, akapiga kistari akaendelea na anayefuata. Nilikiangalia kistari kile muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia picha ya fuvu lolote.

Maana kimefanya kazi ile ile ya lile neno la Berlin. Mtu kaondolewa kwao, na aliyebaki na karatasi ni upande uliomwondoa. Tofauti ni kwamba safari hii wenye karatasi ni sisi. Na daftari la baba mkubwa likaja juu yake likapaka rangi: alitokea.

Nilipomfuata Bomang'ombe na habari hizi alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa haki, nisieleweke vibaya. Kisha akauliza, "Kwa hiyo unataka watoto wasome kwamba babu yao alikuwa mwizi wa watu?"

"Nataka wasome kilichotokea."

"Na ushujaa wake? Aliwapiga Wajerumani mwaka tisini na mbili. Hilo nalo lilitokea."

Ni kweli lilitokea. Hoja yake ina nguvu kuliko alivyoisema. Kuna maadili ya wafu: hawawezi kujitetea, na sisi tunaokaa kwenye viti vya plastiki mwaka huu, simu mkononi, hatujui njaa ya vita vya mlimani, wala adhabu ya kijana aliyekataa amri ya Mangi. Wanahistoria watasema vita vile vilikuwa hivyo kwa wote, Sina naye aliwafanyia wengine yale yale. Sawa. Lakini hayo ni maelezo ya kwa nini alifanya. Mimi nilikuwa nabishana juu ya kitenzi. Na kama "zama zile ndivyo ilivyokuwa" inatosha kumfunika mzee wetu, nitamwambiaje Luschan, ambaye naye alikuwa na zama zake?

Nikamwambia hivyo. Alikaa kimya, akasogeza kiti kivulini.

"Tunawataka Wajerumani waandike kila kitu," nikaongeza. "Rais wao alikuja Songea, Novemba ile ile ya 2023, akaomba radhi hadharani. Sisi Kibosho tumewaomba nini?"

"Mambo haya hayaandikwi, mwanangu. Haya yanapelekewa sale."

Kwa wasomaji wa mbali: sale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini kwetu. Ukimpelekea mtu sale unaomba msamaha, na ni vigumu sana kwa Mchaga kukataa.

"Basi baba mkubwa, tupeleke."

"Kwa nani?" Akanitazama. "Unamjua baba yake?"

Sikuwa na jibu. Ni kile kistari. Kibosho ni kata na kata, koo na koo, na sisi hatujui hata kijiji. Mwenye kosa ana jani mkononi na hajui alipeleke mlango gani, kwa sababu sehemu ya kosa lenyewe ilikuwa kufuta mlango.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria wale ndugu wa Akida wakitema mate kwenye kichupa. Iliyokuwa inanijia ni kwamba njia ile inafaa pia kwa bibi yake babu. Nusu ya mwanawe wa kwanza ilikuwa Kibosho, na kipande chake kimo ndani yangu. Nikitema leo, na mtu wa ukoo wake akitema, tutaonana. Lakini mate yangu yatamtaja na aliyemfunga mikono. Hayachagui. Halafu nitagonga mlango wa watu wanaopika chakula cha jioni na kuwaambia nini? Shikamooni, mimi ni mjukuu wa binti yenu mliyepotelewa mwaka 1891, na pia wa mtu aliyemchukua? Wana haki ya kujua. Wana haki pia ya kutosumbuliwa na dhamiri yangu. Nimeshindwa kuziweka haki hizo mbili kwenye mzani mmoja, na sidhani wale wa Berlin wameweza.

Asubuhi nilimkuta baba mkubwa ameshaamka, daftari liko wazi mezani, mlima umejitokeza wote bila wingu. Alikuwa amelikata neno "alitokea" kwa rula, mstari mmoja mwekundu, unyoofu wa mwalimu. Mbele yake hakuandika kitu. Alikuwa amehesabu nafasi, ameacha mistari minne.

"Mwaka huu waite na shangazi zako," akasema. "Wao walikuwa jikoni na mama siku zote. Huenda alishawaambia jina la kijiji."