Mti Usiojulikana Jina

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Mtu akikata mwembe hapa Nyakabiga, majirani watauliza kwa nini. Akikata mti wa pembeni yake, ambao hakuna anayejua unaitwaje, tutasema tu, "Wamekata mti," na kupita zetu. Kivuli chake hakikuwa kidogo kuliko cha mwembe. Basi tujiulize: je, kutojua jina la kitu kunatupunguzia wajibu juu yake, au kujua ni sehemu ya wajibu wenyewe?

Katika Suratul Baqara tunaelezwa kuwa Mwenyezi Mungu alimfundisha Adam majina yote kabla hajateremshwa ardhini. Wafasiri wamejadili sana maana ya majina hayo. Mimi nachukua fundisho moja: khalifa alipewa elimu kwanza, kisha akapewa ardhi. Aliyekabidhiwa amana asiyoijua, atatambuaje kilichopotea?

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba juu ya mti usiopukutisha majani, unaofanana na Muislamu. Mawazo yao yakaenda kwenye miti ya nyikani. Jibu lilikuwa mtende, mti uliojaa katika mashamba ya Madina. Ibn Umar, aliyekuwa kijana, alilijua jibu lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Cha karibu ndicho kilichowapita.

Kujifunza miti kunatufunza adabu nyingine pia. Chukua jakaranda na flamboya. Zikichanua, hata mtoto atazitofautisha: moja ni ya zambarau, nyingine nyekundu. Maua yakiisha, majani yake madogo madogo yanafanana mno. Hapo inabidi usogee. Majani ya jakaranda hutoka mawili mawili, yakielekeana kwenye tawi. Ya flamboya hutoka moja moja kwa kupishana. Tunda la jakaranda ni bapa na la mviringo. La flamboya ni refu na gumu kama ala ya upanga. Mpaka uone alama hizo, jibu la haki ni "sijui." Imam Malik, pamoja na elimu yake yote, alisifika kwa kulitamka neno hilo bila aibu. Sisi wanafunzi tunaopenda kutoa hukumu juu ya watu kwa alama moja tu, tungefaidika kulizoea mbele ya mti.

Kuna atakayesema: familia inahitaji makaa ya kupikia na nafasi ya kujenga chumba cha kupangisha, haya ya majina ni starehe ya wasomi. Hoja hii ina uzito. Haja ya mwanadamu inatambuliwa na sheria yetu, na sisemi kila mti uachwe. Lakini anayejua anachokata hupima faida na hasara, na asiyejua hana cha kupima. Wazee wetu wa Kirundi waliuita mti mmoja umuvugangoma, kwa sababu katika gogo lake huchongwa ngoma, zile ngoma za kifalme ambazo mchezo wake wa kimila UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Mwenye kulijua jina hilo atasita kidogo kabla ya kuinua shoka. Huenda bado akaukata, lakini atakuwa ameamua, na huenda akapanda mwingine.

Kwa hiyo naona kujua ni sehemu ya wajibu, kwa kadiri ya uwezo wa mtu. Hatutaulizwa juu ya misitu ya Kibira ambayo wengi wetu hatujafika, lakini mti unaotupa kivuli tukingoja basi una haki ya kujulikana. Anza na huo. Tazama jani, gome na tunda lake, kisha muulize bibi au babu unaitwaje kwa Kirundi. Ukikuta naye hajui, harakisha kuwauliza wazee wengine wakiwa bado hai.

Wallahu a'lam.