Muuzaji Aliyenyamaza

Swali hili huulizwa mara nyingi, tena na watu wa heshima, waendao kanisani na kuwalea watoto wao vema: mtu auzaye motokaa yake kuukuu, naye aijua kasoro iliyofichika ndani yake, je, yampasa kumwambia mnunuzi, au yatosha anyamaze na kumwachia mwenzake ajitazamie kwa macho yake? Wengi hujibu upesi. Husema kwamba kunyamaza si kusema uongo, na kwamba sokoni kila mtu huja na akili zake. Sisi twaona kuwa jibu hilo limetoka kinywani kabla ya jambo lenyewe kutazamwa.

Natuitazame kasoro moja tu. Katika gari kuna kitu ambacho mafundi hukiita masta silinda, yaani pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni. Mipira yake ya ndani ikichakaa, mafuta hupenya na kurudi nyuma badala ya kusukumwa mbele. Dereva akanyagapo pedali kwa ghafula, huenda gari likasimama kama kawaida. Bali akiikanyaga polepole na kuishikilia, pedali huzama kidogo kidogo mpaka chini. Hapana tone lionekanalo ardhini, kwani mafuta hayavuji nje. Mnunuzi atazunguka mtaa mara mbili, atakanyaga breki mara tatu, ataridhika na kutoa fedha. Mwenye gari hakudanganyika hivyo. Fundi alikwisha kumwambia, naye mwenyewe amezoea kuipiga pedali mara mbili kila afikapo kwenye kona. Mnunuzi, tuseme, ni mwalimu wa Iringa. Mwezi wa Desemba atateremka mlima wa Kitonga na watoto watatu kiti cha nyuma, akienda Morogoro kuwasalimu wakwe zake. Mahali pale breki haziguswi mara moja zikaachwa. Hushikwa kwa muda mrefu, malori yakiwa mbele na nyuma.

Hapo neno “kunyamaza” halionekani tena kuwa dogo.

Hata hivyo tusimwonee muuzaji. Si kila auzaye gari bovu ni laghai mwenye tumbo kubwa. Mara nyingi ni baba aliyebanwa: karo ya mtoto imefika, au mama yake amelazwa, na gari ndilo mali pekee inayoweza kugeuzwa fedha kabla ya Ijumaa. Ajua kwamba akitamka neno moja tu juu ya breki, mnunuzi atapunguza laki nne, au ataondoka kabisa. Ukweli kwake una bei, na bei hiyo ataitoa mfukoni mwake yeye, si mfukoni mwetu sisi tunaoandika magazetini. Twalikiri hilo waziwazi, kwa maana mafundisho yasiyojua shida za watu hayamsaidii mtu. Lakini shida ya muuzaji haikuondoa hatari katika gari. Imeihamisha tu kutoka nyumba moja hadi nyumba nyingine, na nyumba hii ya pili haikuulizwa.

Watu hutukumbusha kwamba sheria haimdai muuzaji wa kawaida kusema yote. Ni kweli kwa sehemu, tena yafaa kuitazama sheria yenyewe, kwa kuwa ina jambo la kushangaza. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika zama za Waingereza, na ambayo sheria yetu ya leo imeifuata kwa sehemu kubwa, yatoa mfano wa mtu auzaye farasi mnadani akijua kwamba mnyama ana ugonjwa. Hasemi neno. Sheria yasema huo si udanganyifu. Kisha mfano ule ule wageuzwa: mnunuzi sasa ni binti yake muuzaji, naye amefikia utu uzima juzi tu. Hapo, kwa ajili ya uhusiano wao, baba apaswa kumwambia. Wageuzwa tena: mnunuzi amwambia muuzaji, “Usipokana, nitahesabu kwamba farasi ni mzima.” Muuzaji anyamaza. Hapo kunyamaza kwake ni sawa na kusema.

Waliotunga sheria ile hawakuwa wakihubiri. Walitaka tu kuonyesha mpaka ambao mahakama itausimamia. Lakini tazameni walipouweka mpaka huo: waliona wenyewe kwamba mbele ya mtoto wako huwezi kusimama na kusema, “Sikukuambia uongo, hukuniuliza.” Mkristo hana budi kujiuliza mwalimu yule wa Iringa yuko upande gani wa mpaka. Hatusemi kwamba kila mgeni ana haki zote za binti; baba humweleza mwanawe hata mikwaruzo ya rangi na redio inayokoroma, na mgeni aweza kuyaona hayo mwenyewe. Lakini katika jambo lenye kuua, hatuoni jinsi mtu awezavyo kuwa na kipimo kimoja kwa damu yake na kingine kwa damu ya jirani. Na ule mfano wa tatu? Mnunuzi wetu hutamka maneno yale yale kila siku kwa Kiswahili chake: “Kwa hiyo gari halina shida, siyo?” Muuzaji hutabasamu, humpa funguo. Amekwisha kujibu.

Swali hili ni la zamani kuliko motokaa, na kuliko Kanisa lenyewe. Cicero, Mrumi aliyeandika juu ya wajibu wa binadamu katika mwaka 44 kabla ya Kristo, asimulia ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarsus, juu ya nyumba iuzwayo: vyumbani hutokea nyoka, mbao zake ni mbovu, wala hapana ajuaye ila mwenyewe. Diogenes alitetea kwamba kutosema si sawa na kuficha. Akadhihaki: kuna upuuzi gani kupita kumtuma mpiga mbiu atangaze kwamba nyumba mbaya yauzwa? Antipater akajibu kwamba kumwacha mnunuzi aangukie hasara kwa kutojua ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero mwenyewe alihukumu kwamba muuzaji hakupaswa kuficha.

Mtakatifu Thomas wa Aquino, aliyefariki mwaka 1274, aliichukua dhihaka ile ya mpiga mbiu akaijibu kwa utulivu wa mtu aijuaye njaa ya mfanyabiashara. Haimlazimu muuzaji, asema, kutangaza kasoro kwa mbiu, kwani wanunuzi watakimbia kabla ya kuyajua mazuri ya kile kitu. Bali amwambie kila mmoja ajaye kununua, ili huyo ayapime mazuri na mabaya pamoja. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji hana lazima ya kuitaja, mradi amekwisha kupunguza bei kwa haki. Lakini iliyofichika, yenye kuleta hasara au hatari, apaswa kuifunua. Basi, ndugu unayeweka picha ya gari lako katika simu ili watu walione, huna lazima kuandika chini yake habari za masta silinda. Mtu ajapo na kuuliza, hapo ndipo mwambie.

Wako wasemao, “Nimekwisha kupunguza bei, basi deni limeisha.” Bei iliyopunguzwa yaweza kulipia gasketi iliyoungua au gia inayogoma, maana hasara hiyo ni ya mnunuzi peke yake. Breki si hivyo. Mama avukaye barabara Ipogolo na kikapu kichwani hakupunguziwa shilingi. Kwa sababu hiyo twathubutu kwenda mbele kidogo: katika kasoro ya breki au ya usukani, hata kusema pengine hakutoshi. Ikiwa mnunuzi amekwisha kuambiwa, na bado ataka kuliendesha jioni hiyo hiyo mpaka Iringa, muuzaji asimpe funguo kabla gari halijatengenezwa, au wakubaliane livutwe mpaka kwa fundi. Watakaoona ni ukali, na wafikiri kidogo juu ya Kitonga.

Kuhusu madalali hatuna mengi. Ajuaye kasoro, akamwachia dalali kazi ya kunyamaza, amenyamaza yeye. Na fundi atiaye oili nzito ili injini isigonge siku ya mauzo, au atoaye taa ya onyo isiwake, huyo amepita mbali kuliko kunyamaza. Kwake hapana cha kujadili.

Wengine hutafuta faraja katika neno hili: “Nami niliuziwa hivyo hivyo.” Magari mengi ya nchi yetu yametoka Japani, na kule, katika minada yao, wakaguzi huandika katika karatasi mikwaruzo, kutu, na habari kama gari liliwahi kupata ajali. Mara nyingi karatasi hiyo haimfikii yule aliyenunua mwisho. Kila mkono ulioipokea na kuiacha nyuma ulikuwa na faraja hiyo hiyo. Mchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza katika mwaka 1970 matokeo yake, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya kati kwa yote, mwenye gari zima huona amepunjwa, huliondoa sokoni, yabaki mabovu. Watu wetu huita kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Yule baba mwenye karo ya kulipa, akiwa siku nyingine na gari zuri, hataaminiwa, na wa kulaumu hatampata.

Yabaki habari ya aliyekwisha kuuza. Mtakatifu Thomas afundisha kwamba hata yule asiyeijua kasoro, ambaye kwa hiyo hakutenda dhambi, akija kuijua apaswa kumfidia mnunuzi. Aliyeijua tangu mwanzo amefungwa zaidi. Na asidhani kwamba kuungama kwa padre kutafanya kazi ya fundi, kwani maondoleo hayatengenezi breki. Namba ya mnunuzi bado imo katika simu yake. Ampigie leo, kabla ya kutafuta maneno mazuri, amwambie asiliendeshe. Kisha wazungumze nani atanunua masta silinda mpya, na jibu la haki ni kwamba atanunua muuzaji, kwa awamu ikiwa hana. Na kama mwalimu amekwisha kumwuzia mtu mwingine, amwombe namba ya huyo.