Aliyetazama Asione, Aseme Nini?

Kuna swali ambalo watu huliona dogo, nasi tungependa kulipima pamoja na wasomaji wetu. Mtu ametumwa kutazama jambo. Ametazama kwa bidii, mahali palepale alipoagizwa, asione kitu. Je, anayo habari ya kuleta? Wengi hujibu kwamba hana: amerudi mikono mitupu, basi anyamaze, awaachie maneno wale walioona. Sisi hatukubali upesi namna hiyo, na sababu zetu tumezipata mbali sana, katika kazi ya wale wanaochungulia nyota kwa darubini.

Mwaka wa 1963 Marekani, Urusi na Uingereza waliagana wasijaribu tena mabomu ya atomu hewani, wala chini ya maji, wala katika anga la juu. Marekani ikarusha setilaiti zilizoitwa Vela ili kulinda agano hilo. Tarehe 2 Julai 1967 zikapokea pigo la miali ya gama lisilofanana na bomu lolote. Wenye kazi hawakupiga kelele. Walingoja mapigo mengine, wakapima yametoka upande gani, na mwaka wa 1973 wakatangaza 16, wakisema hayakutoka duniani wala katika jua. Yametoka wapi, basi? Kwa miaka zaidi ya 20 hakuna aliyeweza kujibu. Pigo lenyewe hudumu sekunde chache, au dakika moja na zaidi kidogo, kisha kimya. Tena vyombo vya kupokea gama havikuweza kuonyesha mahali penyewe. Vilionyesha upande tu, kama mtu asikiaye mlio usiku bila kujua ni katika nyumba gani.

Tarehe 28 Februari 1997 setilaiti BeppoSAX, ya Waitalia na Waholanzi, ilipokea pigo moja, na baada ya saa chache ikageuzwa kuelekea huko, ikakuta miali ya X ingali inatoka. Sasa mahali pakajulikana vizuri zaidi. Jan van Paradijs wa Amsterdam, pamoja na wanafunzi wake Paul Groot na Titus Galama, walipata picha ya mahali hapo kwa darubini William Herschel, yenye kioo cha upana wa meta 4,2, katika kisiwa cha La Palma. Pigo lilikuwa limepita kwa saa 21 hivi. Picha ilikuwa na vidoa vingi vya mwanga, na kila kidoa kingeweza kuwa nyota ya kawaida. Ni kipi? Picha hiyo peke yake haikuweza kusema.

Tarehe 8 Machi mahali pale pakapigwa picha tena, kwa darubini Isaac Newton iliyo katika kisiwa hichohicho. Kidoa kimoja hakikuwapo. Siku ya kwanza kilikuwa hafifu mara milioni moja na zaidi kuliko nyota ya mwisho ionekanayo kwa macho matupu. Siku ya pili hakikuonekana kabisa, ingawa darubini ingeweza kukiona hata kama kingekuwa kimepungua mara nane. Kwa hiyo wakajua kwamba ndicho chenyewe. Baadaye pakaonekana kundi la nyota, mbali mno, mahali palepale.

Tuangalie vema jambo hili. Lililofumbua fumbo la miaka 30 ni picha mbili, na ya pili ilikuwa picha ya kutoona. Kama aliyepiga picha ya Machi angaliona haya, akasema moyoni, “Sikupata kitu, nitupe,” kidoa cha Februari kingalibaki kimoja kati ya vingi.

Inafaa tueleze mwanga huo ni kitu gani. Nyota kubwa sana ikimaliza moto wake wa ndani huanguka juu ya kiini chake, na pengine hutoa mshale wa vitu uendao karibu na mbio za mwanga. (Mapigo mafupi mno hutoka penye nyota mbili zilizokufa zinapogongana.) Mshale ukielekea kwetu, twapokea gama. Kisha unagonga hewa nyembamba iliyoko kati ya nyota, unaipasha moto, nayo inang’aa: kwa miali ya X, kwa mwanga wa kawaida, hata kwa mawimbi ya redio. Kadiri mshale unavyopungua mbio, mng’ao unafifia. Nao hufifia kwa kanuni: muda ukiwa mara kumi, mwanga hubaki sehemu moja tu ya kumi na zaidi. Ulioonekana baada ya saa moja utakuwa umepungua hivyo baada ya saa kumi, na hivyo tena baada ya saa mia.

Hapo ndipo wajibu unapokuwa mzito. Nyota ya kawaida, ukikosa kuitazama leo, utaitazama kesho au mwaka ujao, na jirani aliyesema uongo atasahihishwa. Pigo la gama halirudi. Aliyetazama saa ile ndiye shahidi wa saa ile, wala hatapatikana mwingine hata milele. Akinyamaza, hakuna wa kumjazia nafasi.

Ndiyo maana watu hawa wamejiwekea desturi ambayo sisi twaisifu. Setilaiti ikipokea pigo, habari hupelekwa mara moja kwa wote kwa njia ya mtandao wa GCN, ulioanzishwa katika NASA miaka ya 1990. Wanaoshindana kwa heshima hupewa mahali palepale, saa ileile. Kisha kila mmoja huandika barua fupi ya kuwajulisha wengine, na nyingi za barua hizo zasema: hatukuona. Lakini ona namna wanavyosema. Hawaandiki, “Hakuna kitu.” Huandika kwamba tulitazama mahali fulani, tukianza dakika fulani baada ya pigo, kwa muda fulani, na mwanga wenye nguvu fulani ungekuwapo tungeuona; hatukuuona. Kati ya “hakuna” na “sikuona” pana bonde pana, na watu wengi hulivuka kila siku bila kujua. Mtoto amepotea, mmoja amepita njiani mbio mbio, kisha atangaza kwamba huku hayuko. Wengine wanaacha kutafuta upande huo. Huyo amedhuru kuliko aliyekaa nyumbani, maana ametoa ushuhuda mkubwa kuliko macho yake.

Iko pia hatari ya upande wa pili, nayo twadhani ndiyo yenye kuvuta zaidi. Mtu amekesha usiku mzima, picha yake ina alama ya mashaka mashaka, nusu kidoa, nusu vumbi. Kusema “nimeona” kutaleta jina. Kusema “sikuona” hakutaleta kitu. Moyo wa mwanadamu hujua kuzidisha mwanga wa kidoa kama hicho.

Mtu atatupinga: Je, kila asiyeona aandike? Si tutajaza masanduku kwa barua tupu? Neno hili lina ukweli. Aliyetazama kwa darubini dogo baada ya siku tatu, akakuta giza, hajatufundisha lolote, maana hata mng’ao wa kawaida ungekuwa umekwisha kumpita. Lakini udogo wa chombo hautoshi kumnyamazisha mtu. Tarehe 23 Januari 1999 chombo ROTSE cha Los Alamos, chenye lenzi nne za upana wa sentimita 11 tu, kilianza kupiga picha pigo lingali linaendelea, kikakuta mwanga ambao ungeonekana hata kwa darubini ya mkononi. Mwaka wa 2003 Berto Monard, huko Pretoria, ambaye elimu ya nyota haikuwa kazi yake ya mshahara, alipata mng’ao wa pigo la tarehe 25 Julai. Mdogo aliyewahi aweza kumzidi mkubwa aliyechelewa, na “hatukuona” ya dakika ya kwanza, hata kwa lenzi ndogo, yafaa kuandikwa.

Mfano tunaoupenda kupita yote ni wa tarehe 23 Aprili 2009. Setilaiti Swift, iliyorushwa 2004, ilipokea pigo, ikageuka yenyewe, ikaona miali ya X. Darubini yake ya mwanga wa kawaida haikuona kitu. Giza la namna hiyo laweza kuwa na sababu mbili: ama vumbi nene limeziba njia, ama pigo limetoka mbali kupita kiasi, maana hidrojeni iliyoko njiani huukata mwanga, na kupanuka kwa ulimwengu huisogeza sehemu iliyokatwa hadi ifunike yote tunayoweza kuona kwa macho. Vumbi hupunguza mwanga pole pole. Hidrojeni huukata kama panga. Basi darubini za Hawaii zikatazama katika rangi zilizo chini ya nyekundu, zisizoonekana kwa macho. Katika rangi za mbali mng’ao ulikuwapo, na katika rangi iliyo jirani nazo haukuwapo. Mahali pa kukatika palikuwa wazi. Darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile ikahakikisha kipimo: mwanga ule ulitoka miaka miliari 13 hivi iliyopita, yaani milioni elfu 13, wakati ulimwengu wenyewe haujatimiza hata miaka milioni 700. Umbali huo ulijulikana kwa kuunganisha walichoona hao na wasichoona wale. Aliyesoma barua ya Swift pasipo kuona kitu ndani yake asingalijua aelekeze chombo chake kwenye rangi gani.