Mwana Mpotevu Alipoteza Nini?

Waingereza humwita kijana wa Luka 15 "prodigal". Wengi, hata Waingereza wenyewe, hudhani maana yake ni mtu aliyetoroka nyumbani kisha akarudi. Sivyo. Neno hilo lina asili ya Kilatini, na maana yake ni mtapanyaji, mtu atumiaye mali bila kiasi. Kiswahili chetu kinazo maana zote mbili: mpotevu ni aliyepotea, tena ni apotezaye.

Je, kutapanya ni dhambi ikiwa mali ni yako? Kijana yule hakuiba. Alipewa urithi wake. Lakini mali ile ilitoka kwa baba, naye aliitumia kana kwamba haikutoka kwa mtu. Njaa ilipoingia, hakuwa na kitu cha kujilisha, wala cha kumpa jirani.

Hata hivyo, tusimhukumu kila atoaye kwa wingi. Katika Mathayo 26 wanafunzi waliyaita upotevu marhamu ya thamani aliyomiminiwa Bwana kichwani. Yesu akasema ni tendo jema. Basi tofauti si wingi wa kilichomwagwa, bali ni nani aliyependwa. Kijana alijipenda nafsi yake. Mwanamke yule alimpenda Bwana.

Na baba je? Alitoa vazi, pete na ndama aliyenona kwa mtu asiyestahili. Kaka mkubwa aliona hasara tupu. Ndugu, tukiitwa kwenye karamu ile, tutaingia, au tutabaki mlangoni tukipiga hesabu?