Mwenye Kutoa Tuzo Ni Shahidi

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: sisi watu wa majumbani, wenye minazi miwili mitatu na kiduka cha barazani, tuna shughuli gani na kamati za tuzo za vyuo vikuu? Shughuli tunayo, tena kubwa. Mzee wa Tanga au wa Lamu auza kiwanja chake ili binti yake, ambaye tayari ni mwalimu au muuguzi, akasomee udaktari. Mzee huyo hana njia ya kuupima ubora wa chuo. Akionacho ni karatasi iliyoandikwa kwamba masomo haya yametunukiwa tuzo, basi moyo ukatulia, fedha ikatoka. Yule aliyetia sahihi ile tuzo amemshuhudilia mzee huyu jambo, na hali hawajaonana hata siku moja.

Twaandika haya kwa sababu ya suali lililotufikia hapa Soweto. Si ile ya Afrika ya Kusini, bali mtaa wetu wa Mbeya, wenye baridi ya asubuhi inayowatetemesha wageni wa pwani. Kijana wetu mmoja, mwalimu wa chuo, ameombwa aongoze kamati itakayochagua programu bora za udaktari wa taaluma. Akauliza: "Sheikh, nikikalie vipi kiti hiki, na miongoni mwa watakaopimwa yumo mwalimu wangu aliyenilea?"

Kwanza yafaa tujue ni kitu gani kinachopimwa. Udaktari wa falsafa humtaka mtu aongeze elimu mpya katika fani yake. Huu wa taaluma humchukua mtu aliye kazini, kama mwalimu mkuu au muuguzi, akatakiwa alichunguze tatizo la pale pale kazini kwake na kulitafutia dawa. Huko Marekani vyuo vilivyoungana tangu 2007 katika jumuiya iitwayo Carnegie Project on the Education Doctorate vimeufikiri upya udaktari wa ualimu kwa njia hiyo, na hutoa tuzo kwa programu na kwa tasnifu. Basi kama muuguzi ameandika tasnifu juu ya kina mama wanaochelewa kufika hospitali kujifungua, mwenye kupima aulize: baada ya tasnifu ile, pale wodini pamebadilika nini? Asipoulizwa hivyo, udaktari wa taaluma hauna maana, ni joho tu.

Wengi hukimbilia kuhesabu vichwa. Mwezi wa Juni 2019, huko Kenya, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilitoa shahada za udaktari 118 katika mahafali moja. Wako walioshangilia, na wako walioshtuka, hata Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingia kuchunguza. Hatusemi kwamba waliohitimu hawakustahiki. Kumdhania mtu vibaya kwa idadi tu nayo ni dhulma. Lakini suali lililoulizwa lilikuwa la haki: msimamizi mmoja aweza kuwashika wanafunzi wangapi, na akausoma kweli kila ukurasa wao?

Wazee wetu walilijua suali hili kabla ya vyuo vikuu kufika kwetu. Sheikh hatoi ijaza ya kitabu asichokisikia kikisomwa mbele yake. Na akiitoa, jina lake huingia katika silsila, mwanafunzi akikosea kesho, watu huuliza, "Huyu kampa ijaza nani?" Khofu ya suali hilo ndiyo iliyokuwa ikiilinda elimu, wala haikuwa mihuri.

Na sisi watu wa pwani neno kutunza latuchanganya kidogo. Anayemtunza mwimbaji wa taarabu hutoa noti kwa kuwa nafsi imefurahi, na hapana wa kumhoji. Mwenyekiti wa kamati hana ruhusa hiyo. Kufurahi kwake si hoja.

Tazama mfano wa mtu wetu, Dakta Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania 1984 hadi 1985 na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika 1989 hadi 2001. Baadaye aliiongoza kamati ya tuzo ya Mo Ibrahim, itolewayo kwa viongozi wa Afrika waliotoka madarakani baada ya kutawala vyema. Tuzo hiyo ni dola milioni 5, zinazolipwa kwa miaka 10. Mwaka 2011 kamati ilimpa Pedro Pires wa Cape Verde. Mwaka 2012 haikumpa kiongozi ye yote, na 2013 hali kadhalika. Mwaka 2014 akapata Hifikepunye Pohamba wa Namibia. Kisha 2015 na 2016 hapakuwa na mshindi. Na 2017 akapewa Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. Fikiri, msomaji: fedha ipo, dunia yangoja, na watu wazima wanasimama mbele ya waandishi wa khabari na kusema mwaka huu hatukumpata. Wako waliowalaumu kwamba waivunjia heshima Afrika. Mimi naona ile miaka mitupu ndiyo iliyowapa heshima wale watatu. Lau wangetoa kila mwaka, Pires angekuwa zamu yake tu.

Sasa nirudi kwa suali la mwalimu. Nilimwambia kijana: zamu ya mwalimu wako ikifika, inuka utoke nje ya chumba, na mlango ufungwe nyuma yako. Usikae ukanyamaza, kwani mwenyekiti anyamazapo, uso wake husema, na wanakamati huusoma. Zawadi nazo, hata kapu la machungwa, zirudi zilikotoka. Mtume (S.A.W.) alimkataza mtoza zaka aliyesema hiki chenu na hiki nimepewa mimi, akauliza kama angepewa lau angekaa nyumbani kwa babake na mamake.

Akaniuliza pia juu ya chuo kichanga, chenye waalimu wachache na bidii nyingi: je, kisitiwe moyo kwa tuzo? Hapa huruma humpoteza mtu mwema. Chuo hicho chastahili msaada, vitabu, na waalimu wa kuazimwa. Tuzo ni ushahidi, na ushahidi hautolewi sadaka. Yule mzee aliyeuza kiwanja hatafidiwa na huruma yetu. Lakini chuo kisiachwe na barua ya mstari mmoja ya kukataliwa. Kiandikiwe waziwazi, kwa faragha, kilipofanya vizuri na kilipopungua, ukurasa wa ngapi wa maombi yao, na mwenyekiti aitie sahihi barua hiyo kwa jina lake kamili.