Saa za Binti ni Mali ya Nani?

Huku Ugogo mvua hunyesha msimu mmoja tu, yapata Desemba hata Aprili. Ifikapo Septemba maji hufuatwa mbali, na watu huchimba mchanga wa makorongo kuyatafuta. Septemba hiyohiyo ndipo watoto wa Darasa la Saba hufanya mtihani wao.

Siku hizi miradi ya akina mama imekuwa mingi: vikundi vya kuweka na kukopa, majiko ya kuokoa kuni, vitalu vya miti ili ardhi istahimili ukame. Hatuipingi hata kidogo. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika sekondari za serikali hadi Kidato cha Nne, lakini sare, viatu na madaftari vingali vyanunuliwa, na mara nyingi kwa fedha ya mama.

Ila tunauliza: mama akiwa kitaluni, mtoto mchanga yu mgongoni kwa nani? Miche humwagiliwa kiangazi chote ili iwe tayari mvua zikianza. Maji hayo huletwa na nani? Tumemwona binti akipita na ndoo ya lita 20 kichwani, yaani kilo 20, wenzake wakiwa wamekwisha kuitwa majina darasani. Mradi ulioombewa fedha kwa jina lake umekula saa zake.

Wako wasemao kwamba kazi humfunza binti. Jibu hilo tunalijua, maana tulilitumia. Tulipokuwa walimu vijana tuliwatuma wasichana kuteka maji ya nyumba zetu, wavulana tukawaacha wasome. Tukaiita Elimu ya Kujitegemea, ingawa Mwalimu Nyerere alipoiandika mwaka 1967 hakusema wajitegemee wasichana peke yao. Mmoja wao alikuwa hodari wa hesabu kupita darasa zima. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Leo ni bibi. Tukikutana gulioni hutuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nasi twaona haya kuitikia.

Twasikia pia kwamba msichana asomeshwe kwa kuwa atalifaa taifa. Ni kweli, lakini mvulana hatukumdai dhamana hiyo kabla ya kumnunulia daftari.

Kamati ya mradi itakutana Jumapili ijayo baada ya ibada. Tunaomba katika karatasi ya matumizi, chini ya miche na majembe, uongezwe mstari mmoja: maji yatachotwa na nani, na saa ngapi. Wavulana wenye baiskeli wapo.